Mkutano wa Berlin haukuchora mpaka wa Kivu wala wa Ziwa Nyasa

Vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, vikirudi kwenye taarifa ya habari, hakosekani wa kusema: mipaka hii ilichorwa Berlin mwaka 1885. Tanzania na Malawi wakivutana juu ya Ziwa Nyasa, maelezo ni yale yale.

Mkutano wa Berlin ni kikao cha mataifa 14, ya Ulaya pamoja na Marekani na dola ya Waturuki, kilichodumu kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Hakuna Mwafrika aliyeitwa.

Wajerumani wenyewe huuita Kongokonferenz, yaani mkutano wa Kongo. Waingereza wakauita mkutano wa Afrika Magharibi. Majina hayo yanaeleza ajenda: biashara huru katika bonde la Kongo, na uhuru wa meli kupita mito ya Kongo na Niger. Hati ya mwisho ina vifungu 38. Vinavyogusa utwaaji ni cha 34 na cha 35: anayetwaa kipande cha pwani awaarifu wenzake, na awe na mamlaka ya kutosha mahali hapo. Pwani, si bara. Mistari iliyotajwa katika kifungu cha 1 ni ya eneo la biashara huru, lililofika hadi Bahari ya Hindi. Haitenganishi koloni na koloni. Hata hati ya ulinzi ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, kwa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, katika Tanzania ya leo, ilitolewa 27 Februari 1885, siku moja baada ya kikao kufungwa.

Mpaka hupitia hatua tatu: wakubwa hugawana maeneo, kisha mstari huandikwa kwa maneno kwenye mkataba wa nchi mbili, halafu tume huenda porini kusimika nguzo. Ugomvi mwingi huzaliwa hatua ya pili, maana anayeandika hajafika. Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Nani angelikata ziwa hilo miaka tisa kabla? Mpaka wa hapo ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Wajerumani na Wabelgiji, na Waingereza wakiwemo kwa upande wa Uganda.

Mpaka wa Nyasa ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890. Maandishi yake yanaufuatisha mpaka na ukingo wa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi mdomo wa mto Songwe. Malawi inashika neno hilo, ukingo: basi maji yote ya upande huo ni yake. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa. Na kwa kuwa viongozi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliazimia Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, wanasheria hawawezi kulikwepa neno hilo moja.

Mkataba huo wa 1890 nao ulitiwa saini Berlin, na huenda ndiyo sababu watu huchanganya. Kwa hiyo anayesema mpaka wa Nyasa ulitoka Berlin amepatia mji. Arekebishe mwaka tu. Wa Kivu, aseme Brussels, 1910.