Je, wajua? Udogo wa mtoto unaweza kuanzia kwenye kondo la nyuma

Mtoto akishalia na kitovu kukatwa, macho ya wote huhamia kwake. Mkunga ndiye hubaki na kazi nyingine. Anasubiri kondo la nyuma litoke, analilaza kwenye beseni, analigeuza, anaangalia kama vipande vyake vimetimia na kama utando haukuchanika ukabaki ndani. Likiwa zima, basi. Linapelekwa shimoni, au ndugu wanalibeba wakalizike nyumbani, maana kwa wengi wetu zalio halitupwi ovyo.

Sasa tuseme mtoto huyo ametimiza wiki 38, viungo vyote anavyo, lakini mizani inasoma kilo 2.1. Mama hakuwa na presha, hakuugua malaria, alikula vizuri. Hapo maswali huanza, na mengi humwangukia yeye: alibeba nini kizito, alikula nini, alimkosea nani. Huniuma sana kusikia maneno hayo, kwa sababu huenda jibu lilikuwa ndani ya lile beseni.

Kila seli ya mwili kwa kawaida ina kromosomu 46, vile vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi: 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Siku ya 5 hivi baada ya yai kurutubishwa, mimba ni kijipovu kisichofikia hata punje ya mtama. Seli za ukuta wake wa nje ndizo zitakazojenga kondo. Zile chache zilizojibana ndani, upande mmoja, ndizo zitakazokuwa mtoto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kondo haitokani na mwili wa mama, kama wengi tunavyodhani. Mtoto na kondo lake wametoka yai moja.

Hata hivyo, hesabu zao zinaweza kupishana. Chukua kromosomu namba 16. Yai la mama likigawanyika vibaya, hubaki na mbili badala ya moja. Mbegu ya baba ikileta yake, zinakuwa tatu. Seli zote zikibaki hivyo, mimba huharibika mapema. Lakini mara nyingine seli moja, katika kugawanyika, huitupa ile ya ziada na kurudi kwenye hesabu sahihi. Uzao wa seli hiyo ukiangukia kule ndani, mtoto anajengwa kwa kromosomu 46 huku kondo likiendelea na 47. Njia nyingine ni kosa kutokea baadaye, katika seli moja tu ya ukuta wa nje, likaacha kiraka kwenye kondo ambalo mahali pengine pote ni salama.

Waliolieleza jambo hili kwa mara ya kwanza ni Dagmar Kalousek na Fred Dill, mwaka 1983, huko Vancouver, Kanada. Leo tunajua kwamba vipimo vya kondo vinavyofanywa kati ya wiki ya 10 na ya 13 hukuta tofauti ya namna hii katika mimba 1 au 2 kati ya kila 100.

Kwa nini mtoto adumae ilhali seli zake ni nzima? Kwa sababu hana jiko lingine. Chakula chote na oksijeni yote hupitia kwenye matawi membamba ya kondo, yanayoelea katika damu ya mama kama mizizi kwenye maji. Mwanzoni mwa mimba, seli za kondo huingia kwenye mji wa mimba na kuipanua mishipa ya mama ili damu ije kwa wingi bila kusukumwa kwa nguvu. Seli zenye kromosomu ya ziada zinaweza kuifanya kazi hiyo nusunusu: mishipa ikabaki myembamba, matawi yakawa machache, na wakati mwingine mama naye akapanda presha ya mimba.

Si kila kondo la aina hii huleta shida. Kiraka kidogo mara nyingi hakidhuru, na watoto wengi huzaliwa na uzito wao kamili. Kosa lililoanzia kwenye yai, hasa la namba 16, ndilo la kuogopa zaidi. Na kosa hilo halitokani na chakula, kazi wala ugomvi wa mtu. Kinachojulikana kuongeza uwezekano wake ni umri mkubwa wa mama.

Hakuna dawa ya kurekebisha kondo. Kinachosaidia ni kuona mapema. Kuanzia wiki ya 24, mkunga akipima tumbo kwa futi kamba, sentimita hukaribia idadi ya wiki. Zikibaki nyuma, altrasaundi inaweza kupima mtoto na mwendo wa damu kwenye kitovu, na daktari akachagua siku ya kumtoa kabla hajachoka.

Na kwa wale wanaopima DNA ya mtoto kwa damu ya mama: DNA hiyo hutoka kwenye kondo. Jibu likisema kuna kromosomu ya ziada, usilie bado. Kuanzia wiki ya 15 yanaweza kuchukuliwa maji ya uzazi, na humo ndimo zinamoelea seli za mtoto mwenyewe.