Ufunguo wa usalama si SMS iliyovaa chuma

Nimeulizwa tena kuhusu ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo unachochomeka au kugusisha unapoingia kwenye akaunti: "Kama msimbo wa SMS upo, ufunguo wa nini? Si vyote ni hatua ya pili baada ya nenosiri?" Hapana. Na safari hii aliyeuliza ni mtu wa TEHAMA.

Msimbo wa tarakimu sita, uje kwa SMS au utoke kwenye programu ya simu, una kasoro isiyotibika: wewe ndiye unayeamua umpe nani. Tapeli anakuwekea ukurasa pacha, unaandika nenosiri, unaandika msimbo, naye anavipitisha papo hapo kwenye tovuti halisi. Sekunde 30, uhai wa msimbo wa programu, zinamtosha na chenji inabaki. Usiniambie wewe ni makini. Uchovu haujui cheo.

Ufunguo haukuachii uamuzi huo. Ukiusajili, unazalisha jozi ya funguo za kidijitali kwa ajili ya kikoa kile tu, yaani anwani ya tovuti ile. Ukija kuingia, tovuti inatuma changamoto (data ya nasibu ya kutiwa saini), kivinjari kinaambatisha kikoa ulichopo (kivinjari, si wewe!), na ufunguo unatia saini. Kikoa kikipishana herufi moja, saini haitoki. Gusa mpaka kidole kichubuke. Mwaka 2022 wafanyakazi kadhaa wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, waliandika nywila zao kwenye ukurasa bandia. Washambuliaji wakazipata, wakakwama mlangoni, maana kule kuingia kulihitaji ufunguo.

Mengine kwa haraka. Mguso kwenye funguo nyingi hausomi alama ya kidole, unathibitisha tu kwamba kuna mtu. Nenosiri lako halimo ndani. Anayeuokota bado anadaiwa nenosiri au PIN, na PIN ikikosewa mara 8 mfululizo inajifunga.

Sasa kinachoniudhi hasa: mtu anasajili ufunguo, anapiga picha, anatamba, na namba ya simu ameiacha palepale kama njia mbadala. Mshambuliaji hataugusa ufunguo wako. Atabofya "jaribu njia nyingine", kisha atahangaika na laini yako. Sajili funguo mbili, ya pili iweke mbali na ya kwanza, halafu ondoa SMS. Huduma nyingine hazikubali uiondoe. Hapo ufunguo unakuongezea usalama kidogo kuliko unavyodhani, na sina dawa.

Wala sidai ufunguo ni kinga ya kila kitu. Programu hasidi ikiiba kuki za kivinjari (data inayoionyesha tovuti kwamba umeshaingia) baada ya wewe kuingia, ufunguo umeshamaliza kazi yake. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya NinjaLab walionyesha kwamba funguo za YubiKey 5 zenye programu ya ndani ya kabla ya toleo 5.7 zinaweza kunakiliwa, kwa kuushika ufunguo wenyewe na kuwa na vifaa vya maabara. Na programu hiyo ya ndani haisasishwi. Wangu ni wa kundi hilo na bado nautumia. Mwandishi anayewindwa na serikali nisingemshauri hivyo. Kwa mtu wa kawaida, passkey, yaani ufunguo wa kidijitali unaokaa kwenye simu, nayo hufungwa kwenye kikoa, na siku hizi nasita kumwambia anunue kifaa kingine cha kupoteza.