Fizi Zinatoka Damu? Usiweke Mswaki Chini

Kinywani mna bakteria kweli?
Wamejaa tele. Aina zaidi ya 700 zimewahi kukutwa katika vinywa vya watu, na wengi hawana neno. Wapo hata wanaotufaa: walio juu ya ulimi hubadili naitreti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga za majani, na mwili huitumia kutengeneza gesi inayotanua mishipa ya damu. Kwa hiyo hii tabia ya kusukutua dawa kali kila siku bila kuandikiwa na daktari, tafadhali iacheni.

Ugonjwa wa fizi unatoka wapi basi?
Pitisha ukucha shinani mwa jino. Ule uteute mweupe ni ukoga, bakteria watupu. Ukiachwa hugeuka ugaga, yaani ukoga uliokuwa mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki.

Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Nizipumzishe?
Hapana! Kwa kawaida fizi hutoka damu kwa sababu ya ukoga uliokaa pembeni yake. Ukiacha kupiga mswaki pale penye damu, unaulea ukoga huo. Chukua mswaki laini, piga polepole, mara 2 kwa siku, dakika 2, na hasa pale pale panapotoka damu.

Lakini siumwi.
Kutoumwa ndiko kunakowaponza watu. Ugonjwa wa fizi hula mfupa unaoshika jino kimyakimya. Mtu anakuja jino linacheza, usaha unatoka, ukimuuliza anasema damu ameizoea miaka mingi. Damu haizoeleki! Mfupa ukishaliwa haujirudishi. Ukipiga mswaki vizuri wiki 2 na damu bado ipo, nenda kwa daktari wa meno, usingoje maumivu.

Nimesukutua maji ya chumvi, damu imekata. Si nimepona?
Chumvi hutuliza tu, ugaga bado upo. Na wewe mvutaji sigara usijisifu kwamba hutoki damu: sigara huificha dalili hiyo huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Nina kisukari. Inanihusu?
Sana. Sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zilizovimba nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Mwenye valvu (kilango cha kupitisha damu) ya bandia moyoni naye amwambie daktari wa meno kabla hajaguswa, maana bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu huweza kung'ang'ania hapo.

Shavu limevimba na nina homa. Nisubiri kesho?
Nenda leo. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda sasa hivi, hata kama ni usiku.