"Sheria Imepita" Haina Maana Tibet Imekuwa Nchi

Jumamosi usiku, kwenye kundi letu la mawakili la WhatsApp, ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Aliyeutuma ni kaka yangu katika kazi, kwenye kesi za ardhi hana mpinzani. Anasema Marekani ilishapitisha sheria ya kuitambua Tibet kuwa nchi huru, Biden akaisaini, kwa hiyo mjadala umekwisha. Kumi na mmoja wakaweka dole gumba. Mimi maneno haya nimeyasikia mara sita sasa, au saba. Nimeandika miswada miaka kumi na minne, na safari hii sitajibu kwa sauti.

Sheria anayoisema ipo. Baraza la Wawakilishi liliipitisha Juni 2024 kwa kura 391 dhidi ya 26, na Biden akaisaini tarehe 12 Julai. Kabla yake kulikuwa na ya 2002, ya 2018 na ya 2020. Zote nne zinahusu Tibet, na hakuna hata moja inayosema Tibet ni nchi. Siku ileile ya kusaini, Biden alitoa tamko kwamba sheria hiyo haibadilishi msimamo wa muda mrefu wa Marekani: Mkoa Unaojiendesha wa Tibet na maeneo mengine ya Watibeti ni sehemu ya China. Tamko hilo, kwa bahati mbaya, halina dakika nne za sauti.

Sasa mtu atauliza, Bunge lenye kura 391 linashindwaje kuitambua tu? Hapa naomba utulivu. Sheria ya 2002 haikupita peke yake. Ilibebwa ndani ya sheria nene ya kuidhinisha shughuli za Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo Bush mdogo aliisaini tarehe 30 Septemba 2002. Ndani ya sheria hiyohiyo, kifungu cha 214 kilitaka Mmarekani aliyezaliwa Jerusalem aandikiwe "Israel" kwenye pasipoti yake akiomba. Wazazi wa mtoto mmoja wakaomba, wizara ikakataa, wakaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakibatilisha kifungu kile: kutambua dola ni mamlaka ya Rais peke yake, Bunge halina mkono. Vifungu vya Tibet vilikuwa nyumba moja na hicho, ukuta kwa ukuta, na havikuguswa. Waliovitunga walijua pa kuishia. Waliandika kwamba kuwe na mratibu maalumu wa masuala ya Tibet, maofisa wapatiwe mafunzo ya Kitibeti, serikali ihimize mazungumzo kati ya China na Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibeti. Neno "kutambua" hawakulisogelea.

"Lakini Bunge lilisema Tibet inakaliwa kwa mabavu!" Ndiyo, mwaka 1991. Lililisema kama *maoni ya Bunge*, si amri, na hapo ndipo kinaponikera kitu kimoja ambacho waandishi wetu wa habari wamekifanya desturi.

Kwenye sheria za Kiingereza, "shall" ni amri na "should" ni ombi lililovaa suti. Mwandishi akikutana na "Waziri should", anatafsiri "Waziri anapaswa", na msomaji wa Kiswahili anasikia lazima, maana kwetu anayepaswa hana pa kukimbilia. Akikutana na "Waziri shall", anatafsiri "Waziri atawasilisha taarifa", na msomaji anasikia ahadi ya mwanasiasa. Ombi limekuwa amri, amri imekuwa ahadi! Sisi tunaotunga sheria Tanzania tuna kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinachotenganisha hiari na lazima. Msikilizaji wa redio hana Sura ya 1 mezani.

Tazama Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Mwaka 2002 Bunge lilimtaka Waziri wa Mambo ya Nje, kwa lugha ya ombi, ajitahidi kufungua ofisi pale. Julai 2020 China ikaufunga ubalozi mdogo wa Marekani wa Chengdu, ambao ndio uliokuwa ukiifuatilia Tibet, kujibu kufungwa kwa ule wa China kule Houston. Desemba mwaka huohuo Bunge likakaza kamba: Waziri *lazima atafute* kufungua ubalozi mdogo Lhasa, na China isiruhusiwe kuongeza ubalozi mdogo mwingine Marekani hadi huo wa Lhasa ufunguliwe. Inasikika kali. Ila amri ni ya kutafuta. Ukitafuta na usipate, hujavunja sheria. Isitoshe, Waziri amepewa uwezo wa kuliondoa sharti lile.

Ya 2018 ni fupi: ofisa wa China anayehusika kwa kiasi kikubwa kuwazuia wanadiplomasia, waandishi na watalii wa Marekani kuingia Tibet, naye asipewe viza. Mwaka 2020 Pompeo, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, alitangaza kwamba imeanza kutumika, bila kutaja majina. Hapa nakiri shaka. Adhabu ambayo jirani wa mwadhibiwa haijui inamtisha nani?

Na ninyi mnaosema sheria hizi ni "makaratasi tu", msishangilie. Kitu kizito kwenye sheria ya 2024 kiko kwenye kifungu cha tafsiri, kile mnachokiruka. Kinasema Tibet ni Mkoa Unaojiendesha pamoja na maeneo ya Watibeti yaliyo kwenye majimbo jirani ya Qinghai, Gansu, Sichuan na Yunnan. Beijing ikisema Xizang, jina la Kichina la Tibet, inamaanisha ule mkoa peke yake. Tofauti ni kubwa: Dalai Lama wa sasa alizaliwa Taktser, ambako leo ni Qinghai. Kwa ramani ya Beijing, hakuzaliwa Tibet.

Je, yote haya yanamsaidia bibi wa Amdo, eneo la Watibeti lililo nje ya mkoa ule, ambaye mjukuu wake yuko shule ya bweni na anarudi likizo akiongea Kichina? Sina hakika, na mwenye hakika simwamini. Sheria inataka mazungumzo yasiyo na masharti, na wajumbe wa Dalai Lama na wa Beijing mara ya mwisho kukaa meza moja rasmi ilikuwa Januari 2010. Washington inaweza kumwamuru waziri wake ahimize. Haiwezi kumwamuru mtu wa Beijing avute kiti.

Nilimtumia kaka vifungu vyote hivi. Akasoma, nikaziona tiki mbili za bluu, kimya cha saa nzima. Kisha: "Kwa hiyo Rais akiamka kesho akataka kuitambua, hahitaji Bunge?"

Hahitaji. Na tangu Dalai Lama akimbilie India mwaka 1959, hakuna hata mmoja aliyeamka hivyo.