Kabla ya kutoa damu ya utafiti, uliza karatasi inasema nini

Malalamiko yanayofika kwenye kamati yetu ya maadili ya utafiti hapa Lubumbashi, Kongo, yameongezeka. Mengi yanarudia maneno yale yale: "Munauzisha damu yetu." Wengine wanakataa hata picha ya mapafu. Tunaelewa woga huo, lakini uvumi huu unatuchosha, maana unawafanya watu waache kuuliza maswali yenye maana.

Dawa ya Ebola iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa huko Beni na Butembo pamoja na dawa nyingine tatu. Kati ya waliopewa ZMapp, moja ya hizo tatu, karibu nusu walifariki; kati ya waliopewa mAb114, 35 kwa kila 100. Marekani iliipa kibali Desemba 2020. Bila damu ile dawa isingekuwepo.

Swali la haki ni hili: damu yako ikipanda ndege kwenye uwanja wa Luano, nani ataishika, kwa muda gani, kwa vipimo gani, na dawa ikipatikana itarudi kwetu namna gani? Majibu lazima yawe ndani ya mkataba wa kusafirisha sampuli, na kamati inausoma kabla chupa ya kwanza haijatoka. Akitaka kuitumia kwa kazi nyingine, mtafiti anarudi kwetu na ombi jipya.

Karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma anakuwa na shahidi ambaye si mtu wa timu ya utafiti, kisha anaweka kidole gumba, na shahidi anasaini na kuandika tarehe. Mtoto anasainiwa na mzazi, lakini mwenye umri wa kuelewa anaulizwa pia. Nakala moja inakwenda nyumbani na wewe. Unaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Mtafiti akikiuka haya, tunasimamisha uandikishaji, tunakagua karatasi moja moja, data iliyochukuliwa bila ridhaa inaondolewa, na utafiti wenyewe unaweza kufungwa.

Halafu kuna wanaolalamika kwamba watafiti wanawapa watu "dawa ya uongo". Katika jaribio la dawa ya tecovirimat kwa ugonjwa wa mpox, lililofanyika katika miji ya Tunda na Kole, kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalilazwa, yakalishwa, yakatibiwa maambukizi mengine. Waliofariki walikuwa 1.7% tu kila upande. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Kujua hivyo kulikuwa na faida kubwa, watu waache kudhani kwamba jaribio lisiloleta dawa ni udanganyifu.

Miaka inayokuja kazi itaongezeka. Programu za kompyuta zinazosoma picha za mapafu kutafuta kifua kikuu zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Picha yako ni data yako, na nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023. Shirika la Dawa la Afrika, lenye makao Kigali, litafanya nchi zichunguze dawa kwa pamoja. Nategemea vibali vitoke haraka zaidi, na haraka hiyo isipunguze hata dakika moja ya kukueleza.

Tafuta kwenye karatasi jina la kamati na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Kama havipo, usisaini, ilete kwetu.