Mnara wa Kigomasha umo ndani ya mkataba: sheria ya kimataifa kwa mvuvi anayekwenda dago

Tulipokwenda Msuka, kaskazini ya Pemba, kwa darasa letu la sheria ya bahari, nahodha mmoja mtu mzima alitusikiliza kimya mpaka tukamaliza kueleza maili, digrii na mistari ya ramani. Kisha akauliza: "Mwalimu, huo mpaka miye nitauonaje? Bahari haina bikoni." Swali lilikuwa la haki, na sisi hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tangu siku hiyo ndilo tunaloanza nalo kila tunapofundisha, iwe skuli ya sekondari au chini ya mkungu dikoni, pale vyombo vinapofikia pwani.

Jibu tunalompa sasa ni hili. Mpaka wenyewe hauonekani, lakini umepimwa kutokana na kitu anachokijua tangu utoto wake. Tanzania na Kenya zilikubaliana mpaka wa maji yao kwa kubadilishana barua rasmi, moja ya tarehe 17 Disemba 1975 na nyengine ya 9 Julai 1976. Ndani ya makubaliano hayo umetajwa mnara wa taa wa Ras Kigomasha, pamoja na taa ya Mpunguti ya Juu upande wa Kenya. Kila nchi ya pwani ina haki ya maji ya kitaifa ya maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 na kidogo. Baina ya taa hizo mbili hazitimii maili 24. Kila mmoja akidai 12 zake kamili, lazima wataingiliana. Kwa hiyo hapo unapita mstari wa kati, ulio sawa mbali na kila taa.

Tunasimika vijiti viwili mchangani, kimoja Kigomasha na kimoja Mpunguti. Kijana mmoja anashika ncha ya mshipi uliofungwa kijitini, anazunguka nao huku akichora kwa kidole cha mguu, kisha anahamia kijiti cha pili kwa urefu ule ule wa uzi. Pale duara mbili zinapokatana tunaweka kombe la pwani: hapo ni sawa mbali na kila kijiti, na ndipo mstari wa kati unapopita. Wenzao waliokaa juu ya mashua huwa wameshateremka kuja kutazama. Nimefundisha mikataba kwa miaka mingi, na sijaona njia nyengine inayomfanya mtu aamini haraka namna hii kwamba karatasi ya kidiplomasia inamhusu yeye.

Kipengele chenye thamani kubwa kwa wavuvi wetu kimo ndani ya barua hizo hizo, na wengi hawajapata kukisikia. Nchi mbili zilikubaliana kwamba wavuvi wenyeji wanaovua kwa kujikimu waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za kila upande wa mpaka wa maji ya kitaifa, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi iheshimu leseni na taratibu za mwenzake. Watu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi cha Pemba, wamekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, Shimoni, Vanga na kwengineko pwani ya Kenya tangu enzi ambazo hakuna aliyejua pasipoti. Walioandika barua zile waliujua utaratibu huo, wakauachia nafasi.

Lakini maneno "kujikimu" na "kanuni zilizopo" yana uzito, na hapa tunasema wazi ili mtu asije akaponzwa na nusu ya elimu. Mwenye mshipi na dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, ana hoja ya kusimamia. Mwenye boti kubwa la nyavu za kukokota na barafu ya kujaza lori hana. Na hata huyo wa mshipi hatakiwi kutoka bila leseni ya uvuvi, hati ya chombo na kitambulisho, vyote ndani ya mfuko usioingia maji.

Ukikamatwa, jambo la mwanzo ni kujua umekamatiwa wapi. Ndani ya maili 12 za nchi ya watu, uko chini ya sheria zao kamili. Nje ya hapo, mpaka maili 200, ni ukanda wa uchumi, ambako nchi ya pwani ina haki ya samaki, lakini mkono wake umewekewa mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Disemba 1982, unasema katika kifungu cha 73 kwamba chombo na mabaharia waliokamatwa kwa kosa la uvuvi katika ukanda huo waachiwe haraka wakiweka dhamana ya kiasi, yaani isiyopindukia. Kwamba adhabu isiwe kifungo, isipokuwa nchi zinazohusika zimekubaliana hivyo. Na kwamba nchi yenye bendera ya chombo ijulishwe mara moja. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa mkataba huu.

Kifungu hicho kimeshatumika katika Bahari yetu hii ya Hindi. Mwezi Novemba 2000 Ufaransa iliikamata meli ya uvuvi yenye bendera ya Shelisheli, Monte Confurco, karibu na visiwa vya Kerguelen, na dhamana ikawekwa faranga milioni 56.4. Shelisheli ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Hukumu ilitoka tarehe 18 Disemba mwaka huo huo: dhamana haikuwa ya kiasi, ishushwe hadi milioni 18. Nchi ya visiwa, yenye watu wachache kuliko Pemba, ilisikilizwa mbele ya dola kubwa, na jawabu likapatikana katika muda wa wiki chache. Wanafunzi wa Wete walitutaka tuirudie habari hii mara mbili.

Haki ya pili ni ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 36. Mtu aliyekamatwa ugenini lazima aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi mdogo wa nchi yake ujulishwe. Marekani ilishindwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2004, katika kesi iliyofunguliwa na Meksiko, kwa sababu Wameksiko waliohukumiwa kifo hawakuambiwa haki hiyo. Tanzania ina ubalozi mdogo Mombasa. Sentensi ya kukariri ni fupi, nasi tunawasemesha wote kwa pamoja: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe."

Hati ya chombo nayo watu huidharau. Mwaka 1905, mjini The Hague, Ufaransa na Uingereza zilishitakiana juu ya majahazi ya Sur, Omani, yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera ile ilikuwa kinga, kwa sababu manowari za Uingereza zilizokuwa zikisaka biashara ya watumwa katika pwani hizi hazikuweza kuyapekua majahazi yale kama mengine. Mahakama ya usuluhishi ikaamua nani alikuwa na haki ya kuipata bendera hiyo na nani hakuwa nayo. Nahodha asiye na karatasi leo amesimama pale pale waliposimama manahodha wa Sur: dola inayomkamata itamuuliza yeye ni wa nani, na hatakuwa na la kuonyesha.

Huulizwa pia kwa nini barua hizi hazikusainiwa na Zanzibar. Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa kwa jina lake tangu tarehe 16 Disemba 1963, mpaka Muungano wa Aprili 1964, na tokea hapo mambo ya nje ni ya Muungano. Ndiyo maana ilijiondoa mwaka 1993 katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu iliyokuwa imejiunga nayo peke yake. Ni mada ya darasa zima, na darasa hilo huwa la moto. Kwa mvuvi, maana yake ni moja: akikwama Kenya, mlango wa kugonga ni Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina ofisi Unguja.

Mlango huo mara nyingi hugongwa na aliyebaki nyumbani. Mwisho wa darasa la Msuka mwanamke mmoja, mke wa nahodha, alitungoja tukikunja ramani. Mumewe alikuwa dago, na huo ulikuwa mwezi wake wa pili huko. Hakuwa na nambari ya chombo, wala majina kamili ya mabaharia wanne aliofuatana nao. Akijua tu jina la mashua na bandari aliyoikusudia. Tulikaa naye, tukampigia simu mumewe, akatutajia kimoja kimoja, mama akiandika kwenye daftari la skuli la mwanawe. Siku hizi daftari lile tumelifanya sehemu ya somo. Kabla chombo hakijatoka, nakala moja ya nambari, leseni na majina hubaki kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na nyengine hubaki kabatini kwa mke.