Hesabu za fizikia ya kwanta: yanayosemwa na yalivyo

Kijana wa Nairobi aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kujifundisha fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni, wengi humkatisha tamaa na wengine humwelekeza kombo. Haya ndiyo tunayoyasikia mara nyingi.

“Lazima umalize hesabu zote kwanza”

Hesabu hazina mwisho, na anayesubiri kuzimaliza hatafika kwenye kwanta kamwe. Mwanafizikia Werner Heisenberg alipoandika makala yake maarufu ya kwanta ya mwaka 1925, hakuwa anajua matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa mistari na safu. Mwanafizikia mwenzake, Max Born, ndiye aliyeisoma ile njia yake ya ajabu ya kuzidisha, akatambua kuwa ni matriksi alizofundishwa akiwa mwanafunzi.

Mahitaji ya kuanzia ni manne: namba changamano (zenye i, yaani kipeuo cha pili cha −1), vekta pamoja na matriksi, uwezekano, na kalkulasi (hesabu za kasi ya mabadiliko) kiasi. Kwa makadirio yetu, aliyeshika hesabu za sekondari vizuri na kutenga saa tano kwa wiki atahitaji miezi sita hadi tisa ili asome kitabu cha kwanta cha chuo kikuu bila kukwama kila mstari.

“Hesabu za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hazisaidii huku”

Zinasaidia sana, na inasikitisha kuona watu wakizitupa. Spini ya elektroni, yaani sifa yake inayofanana na kuzunguka, ukiipima kwa mhimili wowote, hutoa majibu mawili tu. Kwa hiyo hesabu zake zote hufanywa kwa matriksi za mbili kwa mbili, zile zile za kidato cha tatu.

Chukua matriksi X, yenye 0 na 1 mstari wa juu, 1 na 0 mstari wa chini. Chukua na Z, yenye 1 na 0 juu, 0 na −1 chini. Zidisha X kwa Z: unapata 0 na −1 juu, 1 na 0 chini. Sasa anza na Z, uizidishe kwa X: unapata 0 na 1 juu, −1 na 0 chini. Majibu hayafanani, na hapo ndipo penye uzito. Matriksi hizi zinawakilisha vipimo vya spini kwa mihimili miwili tofauti, na kwa kuwa mpangilio wa kuzidisha unabadilisha jibu, hakuna hali ambayo vipimo vyote viwili vina majibu ya hakika kwa pamoja. Kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927 kuhusu mahali na mwendo wa chembe imesimama juu ya jambo hilo hilo. Anayezidisha matriksi hizi kwa mkono ataielewa kuliko anayeikariri kwa maneno.

“Namba changamano ni za kubuni, zirukwe”

Huku ndiko wengi wanakoangukia, na si ajabu: mtaala wa KCSE hauzifundishi, na vikokotoo vya Casio fx-82 vinavyotumiwa na wanafunzi vitakuonyesha kosa ukiomba kipeuo cha pili cha −1. Tenga wiki tatu kamili kwa ajili ya namba hizi. Jifunze kujumlisha, kuzidisha, kuchora namba hizo kwenye grafu, na kuziandika kwa pembe na urefu.

Tazama mfano. Hali ya spini ya elektroni imeandikwa kwa namba mbili, 3/5 na 4i/5, moja kwa kila jibu. Uwezekano wa jibu la kwanza ni 3/5 mara 3/5, yaani 9/25 au 0.36. Kwa la pili, anayeanza huzidisha 4i/5 kwa yenyewe, akapata −16/25. Uwezekano hauwezi kuwa hasi. Kanuni ni kuzidisha namba kwa mshirika wake, yaani namba ile ile iliyogeuzwa alama kwenye sehemu yenye i: 4i/5 mara −4i/5 ni 16/25, yaani 0.64. Jumlisha na 0.36, unapata 1. Fanya ukaguzi huo kila mara. Jumla isipokuwa 1, umekosea mahali.

Kosa jingine ni kuwahi kutafuta uwezekano. Chembe ikiwa na njia mbili za kufika mahali pamoja, moja ikiwa na namba 1/2 na nyingine −1/2, jumlisha namba hizo kwanza, kisha ndipo utafute uwezekano: unapata 0. Ukianza na uwezekano wa kila njia utapata 1/4 na 1/4, jumla 1/2, na mwingiliano wa mawimbi utakuwa umepotea.

“Anza na mlinganyo wa Schrödinger”

Huu ni mlinganyo unaoeleza jinsi hali ya chembe inavyobadilika. Uache kwanza. Una i, una kasi ya mabadiliko ya mara mbili, na kalkulasi ya KCSE huishia kwenye vipeo vya x. Ukishamaliza spini, ongeza kalkulasi ya sin, cos na e kwa kipeo cha x, kisha shughulikia chembe iliyofungiwa kati ya kuta mbili. Nishati yake ni n²h²/8mL², ambapo n ni namba ya ngazi, h ni namba thabiti ya Planck, m ni masi ya chembe na L ni upana kati ya kuta. Kwa elektroni na upana wa nanomita 1, ngazi ya kwanza ni takriban eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) 0.376 na ya pili ni mara nne yake. Ukipata namba ya ajabu, angalia L kwanza: 10⁻⁹ ikipigwa mraba ni 10⁻¹⁸, na wengi husahau.

“Kutazama video kunatosha”

Video ni nzuri ukiwa kwenye matatu, jam ya Thika Road ikikushika. Lakini mkono usipoandika, hujui ulipokwama. Keti na daftari, nyumbani au kwenye maktaba ya taifa pale Upper Hill, ufanye angalau maswali kumi kwa kila mada kabla ya kusonga.

Jipime kwa swali hili: matriksi yenye 2 na i juu, −i na 2 chini. Tafuta thamani zake aigeni, yaani namba ambazo matriksi huzidisha nazo vekta fulani bila kugeuza mwelekeo wake. Majibu ni 1 na 3. Matriksi za vipimo vya kwanta haziwezi kutoa thamani zenye i, kwa hiyo ukipata 2 + i na 2 − i, rudi mahali ulipozidisha i kwa −i: jibu lake ni 1, si −1.